Kasha Lililovaa Mkanda

Jumatatu, 3 Machi

Kosa ambalo wengi hulifanya wanapopanga mambo ya chuo ni kudhani wanamjua mwanafunzi, kwa sababu wao wenyewe waliwahi kuwa wanafunzi. Wanakaa kikaoni, wanafumba macho kidogo, na anayewajia kichwani ni kijana wa bwenini, mwenye kitanda cha chuma, sanduku moja na jioni nzima mikononi mwake. Kijana huyo hayupo tena. Bweni lenyewe siku hizi ni stoo ya viti vibovu.

Naandika haya kwa sababu Mkuu wa chuo ameniomba. Muhula huu wa mvua ni wa mwisho kwangu, baada ya maisha mazima ya kufundisha uchoraji wa kiufundi, na ndio muhula ambao chuo kinatengeneza mpango wake mpya: kompyuta, masomo ya kwenye simu, na namna ya kuwafaa wanafunzi ambao hawafanani na wa zamani. Ameniweka mwenyekiti wa kamati. "Mwalimu," ameniambia, "na shajara uandike. Atakayekuja baada yako ajue tulifikaje tulipofika."

Nilimfundisha huyu. Enzi hizo tulimwita Kifutio, kwa kuwa alifuta mistari mingi kuliko aliyochora, hadi karatasi ikatoboka. Leo ana suti na ofisi yenye zulia, lakini mimi nikimtazama naona bado vumbi la mpira kwenye mkono wa shati lake.

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza. Paa la Ukumbi wa Meza linavuja palepale linapovuja kila mwaka. Nimesogeza meza ileile, nikaweka ndoo ileile.

Ijumaa, 7 Machi

Leo ni siku ya kujengeana, na msomaji ambaye hajapita chuoni kwetu anahitaji kuelezwa.

Mchoro wa mwanafunzi hapa hausahihishwi na mwalimu. Mwanafunzi akimaliza kuchora kitu, tuseme stuli au kasha, anampa mwenzake karatasi. Mwenzake anaingia karakana ya mbao, iliyo mlango wa pili kutoka Ukumbi wa Meza, na kukijenga kama kilivyochorwa. Mchoraji anasimama pembeni na haruhusiwi kusema neno. Hata akiona msumeno unaelekea pabaya, anauma mdomo. Kitu kikitoka kombo, kosa ni la aliyechora. Aliyejenga ana sentensi moja tu ya kujitetea, nayo inatosha: "Nimejenga ulichochora."

Niliikuta desturi hii nilipoingia hapa nikiwa kijana. Haifundishi kuchora tu. Inafundisha kwamba kuna mtu upande wa pili wa karatasi.

Leo Mama Pacha hakuja. Ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, mama wa mapacha wa kike walio katika umri wa kung'oka meno ya mbele, na ana mkono mtulivu kuliko wote niliowafundisha miaka ya karibuni. Anafanya kazi katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli na hospitali. Zamu yake ya Ijumaa huanza saa saba mchana. Kujengeana huanza saa nane. Na sheria, niliyoiandika mwenyewe nywele zangu zikiwa bado nyeusi, inasema anayekosa Ijumaa nne katika muhula anaondolewa chuoni. Leo ilikuwa ya tatu yake. Akikosa moja tena, amekwisha.

Mwenzake wa kujengeana ni mwanafunzi tunayemwita Askari, mlinzi wa zamani aliyeamua kurudi shule akiwa na mvi za kwanza. Alisimama karakana na nyundo mkononi.

"Mwalimu, wenzangu wote wamepewa karatasi. Mimi nijenge nini, hewa?"

"Fagia karakana."

"Hiyo nimeichorewa na nani?"

Darasa zima likacheka. Nami nilicheka, kisha nikaweka alama ya kutokuwepo kwenye jina la Mama Pacha.

Jumanne, 11 Machi

Kikao cha kwanza. Tulikuwa watatu: Mkuu, mimi, na mwalimu wa kompyuta, ambaye ni mdogo kuliko binti yangu na ananiita Babu mbele ya watu bila aibu yoyote.

Mkuu alituonyesha picha ukutani: Ukumbi wa Meza ukiwa umepakwa rangi nyeupe, safu za kompyuta, viti vyenye magurudumu. Meza zote za kuchorea hazipo. Katika picha paa halivuji.

"Michoro itatumwa kwenye mfumo," alisema. "Mwalimu ataisahihisha hukohuko. Mahudhurio yatachukuliwa na mashine ya alama za vidole pale mlangoni, hakuna tena kuitikia majina kama shule ya watoto. Masomo ya nadharia watayaangalia nyumbani, kwenye video."

"Na kujengeana?"

"Mwalimu, kujengeana ni kitu kizuri. Kilikuwa kizuri."

"Kilikuwa," nikasema.

Mwalimu wa kompyuta akanisogelea. "Babu, usinune. Hebu tuambie: ukiambiwa uchague, ubakize meza au ubakize kujengeana, utachagua kipi?"

Nikasema ni kitu kimoja hicho. Akasema si kimoja. Nikamwambia alikuwa hajazaliwa wakati meza zile zinaletwa, zikiwa zimefungwa magunia, harufu ya vanishi ikitufuata hadi bwenini. Akasema kweli alikuwa hajazaliwa, lakini bado swali lake liko pale pale.

Nimerudi nyumbani nimenuna hivyohivyo.

Jumatano, 12 Machi

Mvua asubuhi hadi jioni. Nimemuuliza binti yangu swali la yule mwalimu, akacheka na kusema, "Baba, amekupata."

Ijumaa, 14 Machi

Mama Pacha amekuja mapema kuliko kengele, mwavuli umevunjika ubavu mmoja. Alisimama mlangoni mwa ukumbi hadi nikamwita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Leo umepata nafasi?"

"Mwenzangu amenishikia zamu. Leo na Ijumaa ijayo. Baada ya hapo anakwenda kujifungua, na hakuna mwingine wa kunishikia."

"Umezungumza na msimamizi wako?"

"Nimezungumza. Ameniambia mashuka hayasomi shule." Alitabasamu kidogo, kisha uso ukarudi palepale. "Mwalimu, nikiacha zamu, wanangu hawali. Nikiacha Ijumaa, chuo kinaniacha. Muhula ukiisha nakuwa nimebakiza mwaka mmoja tu kupata cheti, na nikiwa na cheti kuna ofisi ya ramani imesema itanichukua. Sikuombi unihurumie. Nataka tu uniambie nijigawe vipi."

Nilimwambia akae, achore. Alichora mpaka saa nane, na alasiri Askari akajenga rafu yake ndogo bila kusimama hata mara moja kukwaruza kichwa. Rafu ilitoka kama ilivyo kwenye karatasi. Nilipita mkono juu yake, nikafumba macho, na kwa kitambo nikawa mwaka mwingine kabisa, nasikia randa kumi zikiimba pamoja na vijana wa bwenini wakizomeana.

Randa zilizokuwa zikiimba leo zilikuwa tatu. Wengine hawakufika.

Jumatano, 19 Machi

Kikao cha pili. Nilieleza habari ya Mama Pacha, nikitarajia Mkuu aniambie sheria ilegezwe. Aliniangalia kwa heshima zote na kusema, "Lakini sheria ni yako, Mwalimu."

Mwalimu wa kompyuta ndiye aliyetoa wazo. Mama Pacha achore nyumbani, apige picha mchoro, amtumie Askari kwenye simu. Askari ajenge Ijumaa kama kawaida. Kasha likitoka sawa, ihesabiwe kwamba Mama Pacha alikuwepo.

"Na ukimya?" nikauliza. "Nani atajua kama hawapigiani simu? 'Kata hapo, acha hapo.'"

"Simu ya Askari tutaiweka mezani kwako, Babu, na sauti imezimwa. Utaikalia kama kuku."

Mkuu akakubali kwa sharti lake: likitoka kombo, ni Ijumaa ya nne, na sheria ichukue mkondo wake. Nadhani alitaka kunionyesha kwamba kujengeana hakuwezi kuvuka lango la chuo. Na mimi, kusema kweli, nilitaka kumwonyesha kwamba simu haiwezi kushika kazi ya meza. Kwa hiyo wote wawili tulikuwa tunangoja jambo lilelile litokee, na anayelipa ni mwanamke wa watu.

Jumapili, 23 Machi

Binti yangu alikuwa anapanga kabati, akatoa kasha la mama yake. Kila mara analitoa, kila mara anasema neno lilelile.

"Baba, nilipeleke kwa fundi alitengeneze kifuniko?"

"Liache."

Ni kasha la vifungo na nyuzi. Kifuniko chake hakikai juu; kinazama ndani na kulala juu ya vifungo, na kukitoa lazima uligeuze kasha lote. Nililichora mimi katika mwaka wangu wa kwanza. Niliandika vipimo vya ndani mahali pa vipimo vya nje, nikasahau unene wa mbao. Aliyepewa karatasi yangu alikuwa msichana wa safu ya nyuma ambaye sikuwahi kuongea naye. Alijenga kutwa nzima. Nilimwona anakata kifuniko kifupi, nikauma mdomo hadi nikasikia ladha ya damu. Alipomaliza alikiweka juu, kikazama. Alinitazama usoni, bila kucheka.

"Nimejenga ulichochora," akasema.

Baadaye, tulipokuwa tumeoana na tuna nyumba yenye kelele, alikuwa akilisema hilo kila nilipomwagiza jambo vibaya. Nimeagiza sukari wakati tunayo, analeta sukari: nimejenga ulichochora. Binti yetu amekua akilisikia neno hilo kama watoto wengine wanavyosikia dua.

Nimeligeuza kasha, nikatoa kifuniko, nikahesabu vifungo vya koti lake la kijani, nikarudisha.

Ijumaa, 28 Machi

Nitaeleza kwa utaratibu, kwa sababu nataka ieleweke.

Saa nane Mkuu alikuja karakana mwenyewe, akasimama karibu na mlango kulinda viatu vyake na maranda. Mwalimu wa kompyuta alikuja. Askari alipokea mchoro kwenye simu yake: kasha dogo lenye kitako cha kuchomeka. Aliutazama, akaukuza kwa vidole, akautazama tena. Kisha akanakili kwa mkono vipimo vyake kwenye kipande cha mbao, akaweka simu mezani kwangu, akaanza.

Sasa, katika michoro yetu kuna mistari ya aina mbili ambayo kila mwanafunzi huijua wiki ya kwanza. Mstari mzima ni ukingo unaoonekana. Mstari wa vipande vipande ni ukingo uliojificha, ulio upande wa ndani, usiouona ukisimama mbele ya kitu. Mama Pacha alikuwa amechora mfereji wa kuchomeka kitako cha kasha kwa mistari ya vipande, kwa sababu mfereji huo uko ndani. Alichora vizuri kabisa. Nimeuona mchoro wake wa karatasi baadaye, ningeutundika ukutani.

Lakini kwenye skrini ya simu, mchoro ule mkubwa ulikuwa umeminywa hadi ukubwa wa kiganja, na vile vipande vikashikana. Askari aliona mstari mzima. Mstari mzima ni kitu kinachoonekana nje. Akachonga mfereji nje.

Nilimwona anaweka patasi upande usiofaa. Mwalimu wa kompyuta naye aliona, akanigeukia. Nikatikisa kichwa. Hakuna kusema. Askari alichonga pande zote nne, kwa uangalifu wa mtu anayenyoa ndevu za bosi wake, akaunganisha, akapaka gundi, akafunga kwa vibanio. Kisha akachukua kitako, akatafuta pa kukichomeka, hakuna. Kasha halikuwa na tumbo. Lilikuwa na mfereji mzuri, ulionyooka, umelizunguka kiunoni.

Mwanafunzi mmoja akasema, "Limevaa mkanda."

Walicheka hadi wakashikana mabega. Askari hakucheka. Alifuta mikono, akasimama wima kama yuko lindoni, akasema, "Nimejenga alichochora," na nikaona amejua tayari jambo hili lina maana gani kwa mwenzake.

Mkuu alinipa mkono, akaondoka na maranda kwenye viatu.

Nilikuwa nimeshinda, kama hicho ndicho nilichokuwa nikikitaka. Nimetembea hadi nyumbani bila kufungua mwavuli.

Jumamosi, 29 Machi

Mama Pacha amenifuata nyumbani akitoka zamuni, ametumiwa picha ya kasha. Alikuwa amewapitia mapacha, mmoja kila mkono. Binti yangu akawapa viti na kikombe cha chai.

"Nimekuja kuona kosa langu," akasema.

Nikamwambia kosa si lake, ni la simu. Nilidhani nampa faraja.

"Hapana, Mwalimu. Askari amejenga nilichochora. Mimi nilichora kwa mtu aliye na karatasi kubwa mezani, ilhali nilijua atasoma kwenye simu. Sikumfikiria. Wewe si ndiye unayetwambia kuna mtu upande wa pili wa karatasi?"

Pacha mmoja alikuwa ameshalifikia kasha la vifungo na kulipindua. Kifuniko kilianguka, vifungo vikatawanyika hadi chini ya kochi.

"Bibi, kasha lenu limeharibika," akamwambia binti yangu, ambaye hajawahi kuitwa bibi maishani mwake.

"Halijaharibika," binti yangu akasema. "Lilichorwa hivyo."

Tukawa watu watano tumepiga magoti tunaokota vifungo. Nikiwa pale chini nilikumbuka jambo ambalo sijalikumbuka miaka mingi, kwa sababu katika kulisimulia kasha lile huwa naishia kwa mke wangu. Nilikuwa nimesahau kilichofuata. Mwalimu wetu wa wakati huo, mzee mwenye kikohozi, aliokota mchoro wangu, akautazama, akafungua droo na kunipa karatasi mpya. Mchoro ukiwa na kosa unachorwa upya. Hakuna aliyewahi kufukuzwa kwa mchoro.

Nimempa Mama Pacha karatasi mpya.

Jumatatu, 31 Machi

Nimemwambia Mkuu. Akavua miwani. "Mwalimu, ukimwacha huyu, kesho watakuja kumi."

"Waje. Karatasi zipo."

"Sawa, muhula huu umemwokoa. Lakini muhula ujao kuna mpango mpya. Mashine ya vidole haitakuwa na karatasi mpya ya kumpa."

Ni kweli.

Ijumaa, 4 Aprili

Mchoro mpya umefika kwenye simu ya Askari. Si mchoro mmoja tena, ni mitatu, kila upande wa kasha picha yake, vipande virefu na vinene, vilivyoachana kama hatua za mtu anayevuka barabara. Askari alijenga. Kitako kikaingia kwenye mfereji wake kwa mlio ule mdogo ambao mafundi wanaujua.

Mwalimu wa kompyuta alisimama karibu nami.

"Babu, lile swali langu."

"Kujengeana," nikasema. "Ningebakiza kujengeana."

Hakunicheka. Alinishika kiwiko tu.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Mkanda wa kasha lile lililokosewa umekuwa wa manufaa: Askari ameuzungushia kamba, analitumia kubebea misumari. Kitako ameweka kipande cha bati.

Alhamisi, 10 Aprili

Kikao cha tatu. Mpango umeshachapwa, una jalada la plastiki, unangoja kwenda kwa bodi katikati ya Mei. Nilikaa nao jana kutwa. Umeandikwa vizuri. Hauna neno moja linalozidi. Na nilipofika ukurasa wa mwisho nikajiuliza ni kwa nini unanitia wasiwasi, wakati hata mimi sasa sizipiganii meza kama zamani.

"Huu ni mchoro," nikawaambia.

Mkuu akasubiri.

"Ni mchoro, na haujajengwa na mtu. Hapa hatusahihishi mchoro kwa kuutazama. Tumpe mwanafunzi mmoja aufuate wiki nzima, mlango hadi mlango, kama ulivyoandikwa. Mashine ya vidole si imeshafungwa? Video si zipo? Mfumo si umeshawashwa? Afuate. Na sisi watatu tusiseme neno. Asipoelewa, tusimweleweshe. Akikwama, tuume midomo."

"Mwalimu, bodi—"

"Kifutio," nikasema. Sijamwita hivyo tangu avae suti. Mwalimu wa kompyuta aliinamisha kichwa asionekane anacheka. "Kifutio, uliwahi kumjengea nani?"

"Mpishi wa sasa wa kantini. Alichora ngazi ambayo kipandio cha kwanza kilikuwa juu ya kiuno."

"Ukafanyaje?"

"Nikaijenga." Akaanza kucheka kabla ya kumaliza. "Nikaijenga, Mwalimu, na nikaipanda."

Akakubali. Nikamtaja Mama Pacha.

Jumatatu, 21 Aprili

Mama Pacha amepewa mpango leo asubuhi. Aliufikia mlango wa chuo, akaweka kidole kwenye mashine. Taa nyekundu. Akafuta kidole kwenye sketi, akaweka tena. Nyekundu. Akajaribu vidole vyote kumi, kimoja kimoja, foleni ikirefuka nyuma yake kwenye mvua.

Sisi watatu tulikuwa chini ya paa, upande wa pili. Tulinyamaza.

Ni Askari aliyetoka kwenye foleni na kumshika mkono, akaugeuza kwenye nuru. Vidole vyake vimelainika kama kijiko. Dawa za kufulia mashuka zimekula mistari yote. Kwa mujibu wa mashine ile, mwanafunzi wetu mwenye mkono bora kuliko wote hana mkono.

Mkuu alifungua mdomo. Nikamtazama. Akaufunga.

Jumatano, 23 Aprili

Video ya nadharia. Mpango unasema mwanafunzi ataangalia nyumbani. Mama Pacha ameandika pembeni, kwa mwandiko wake wa kuchorea: "Nyumbani kuna simu moja. Jioni ni ya wasichana, wana kazi za shule humo. Nimeangalia dakika chache nikipiga pasi, simu ikaisha chaji." Kisha chini: "Nikiwa kwenye foleni ya gari la kazini nina muda mzuri, lakini video haifunguki nje ya mtandao wa chuo."

Mwalimu wa kompyuta ameusoma mara mbili. Yeye ndiye aliyefunga video zisitoke nje. "Nilikuwa nazilinda zisiibwe," ameniambia kwa sauti ndogo.

Ijumaa, 25 Aprili

Mfumo wa kupokea michoro hufungwa saa kumi jioni. Zamu ya Mama Pacha huisha saa tatu usiku. Jana hakuweza kutuma. Jina lake limeandikwa kwa rangi nyekundu, na neno: HAYUPO.

Tulikutana karakana tukiwa wanne, yeye akiwa njiani kuelekea kazini, begi begani. Alimrudishia Mkuu mpango wake, na kurasa zimeandikwa pembezoni zote. Hakulalamika. Nilikuwa nangoja aseme ile sentensi yetu, lakini hakuisema. Mkuu ni mkubwa wake, naye ana adabu.

Aliyeisema ni Mkuu. Aligeuza kurasa zile taratibu, moja baada ya nyingine, hadi mwisho.

"Amejenga tulichochora," akasema.

Kisha akavua koti la suti, akalitundika kwenye msumari wa karakana, akavuta stuli. "Mwalimu, una penseli?"

Ijumaa, 2 Mei

Tumechora upya wiki nzima. Karani amenuna kwa sababu ya wino.

Jumanne, 6 Mei

Mvua zinapungua. Leo wamekuja kubeba nusu ya meza. Nusu inabaki, upande usiovuja, na kompyuta zitakaa upande wa pili paa likishazibwa. Nilisimama mlangoni zikipita. Moja ilikuwa na alama ya duara la kikombe ambalo nalijua limetoka wapi. Nilitaka kuwaambia waishushe. Nikaiacha ipite. Niliipa mgongo na kujishughulisha na ndoo.

Ijumaa, 16 Mei

Bodi imepitisha mpango. Mashine ya vidole imeondoka mlangoni. Mahudhurio sasa yanahesabiwa kwa kazi iliyojengwa. Kujengeana kunaweza kufanyika siku yoyote ya wiki ambayo wawili wamekubaliana, mchoro ukija kwa karatasi au kwa simu, na anayejenga anafika karakana anapoweza. Video zinafunguka popote, tena kwa vipande vifupi. Sharti la ukimya limebaki kama lilivyokuwa.

Kabla ya kuupeleka kwa bodi, ilikuwa imebaki sheria moja ya zamani kwenye ukurasa wa nne wa rasimu yetu ya penseli: Ijumaa nne na kuondolewa. Mkuu alikuwa ameiacha kwa heshima yangu. Nikamsogezea karatasi.

"Hii futa wewe. Ndiyo kazi yako tangu zamani."

Alitoa kifutio mfukoni. Sijui kama amekuwa akitembea nacho miaka yote hii au amekitafuta kwa ajili ya siku ile, sikuuliza. Alifuta polepole, akapuliza vumbi, na karatasi haikutoboka.

Jumatatu, 19 Mei

Jua. Mama Pacha amejiandikisha muhula ujao, yeye na Askari bado wanajengeana. Wengine ambao majina yao yalikuwa yamepotea tangu mwaka jana wamekuja kuulizia.

Nimetoa vitu vyangu ofisini, si vingi. Kasha la mke wangu nimelileta kutoka nyumbani na kuliweka kwenye meza ya kwanza ukiingia ukumbini, bila maelezo. Leo asubuhi nimemkuta msichana wa mwaka wa kwanza analigeuza, anarudisha kifuniko, kinazama, anageuza tena, amekunja uso. Akaniuliza nani alikosea. Nikamwambia mchoraji. Akauliza kama alifukuzwa. Nikamwambia hapana, alipewa karatasi nyingine, na akamwoa aliyejenga.

Wewe unayekalia kiti hiki baada yangu, shajara imeishia hapa. Leo, kabla hujafungua kikao chochote, chukua ratiba uliyoiandika, mpe mwanafunzi mmoja aifuate mbele ya macho yako, na usiseme neno.